Tarehe ya Wanyoaji wa Sufu wa Bonde la Spen

Bonde la Spen liko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, katikati ya Huddersfield, Halifax na Leeds. Charlotte Brontë aliliweka katika riwaya yake ya Shirley, iliyotoka Oktoba 1849, akabadili majina. Kiwanda cha Rawfolds akakiita Hollow's Mill. Jumba la Oakwell Hall, lililojengwa mwaka 1583, likawa Fieldhead. Red House ya Gomersal, makazi ya ukoo wa Taylor wenye biashara ya nguo, ikawa Briarmains. Lakini watu waliobeba uzito wa mambo ya mwaka 1812 hawakupata nafasi ya mbele riwayani. Hao ni wanyoaji wa sufu, na tarehe hii ni yao.

Kitambaa cha sufu kikishafumwa na kuoshwa kilipelekwa kwa mnyoaji. Alikisugua kwa matunda makavu ya mmea wenye miiba mpaka manyoya yakasimama, kisha akayanyoa kwa mkasi wa chuma wa kilo 18 hivi. Thamani ya jora zima ilikuwa mikononi mwake: akinyoa sawasawa, nguo ililainika na bei ikapanda, mkono ukiteleza, kazi ya wote waliomtangulia iliharibika. Kwa kuushika mkasi huo miaka nenda miaka rudi, kifundo cha mkono wake wa kulia kilifanya sugu nene, na kwa sugu hiyo alitambulika popote. Ujira wake ulizidi wa mfumaji. Sheria nayo ilimlinda, kwani tangu enzi za Mfalme Edward VI, katika karne ya 16, mashine za kusimamisha manyoya zilikuwa zimepigwa marufuku. Mwaka 1809 Bunge likaifuta sheria hiyo.

Ufutaji huo uliwakuta watu katika dhiki. Uingereza ilikuwa vitani na Napoleon, na amri za serikali za Novemba 1807 za kuzuia biashara ya adui ziliikosanisha na Marekani. Mwaka 1811 soko la Marekani likafungwa. Majora yakarundikana ghalani, mkate ukapanda bei, na katika hali hiyo wenye viwanda wakaleta mashine za kunyolea. Nyingi ziliundwa Marsden na wahunzi wawili ndugu, Enoch na James Taylor. Wahunzi haohao walifua nyundo kubwa, na wanyoaji walipoanza kuzivunja mashine kwa nyundo hizo waliziita Enoch.

Wavunjaji hao walijiita watu wa Ned Ludd, kiongozi wa kubuni. Upande wa Huddersfield aliyetajwa kuwa kiongozi wao ni George Mellor, mnyoaji kijana wa Longroyd Bridge. Usiku wa Jumamosi, tarehe 11 Aprili 1812, walikusanyika kwenye nguzo ya mawe iitwayo Dumb Steeple, kisha wakaelekea Rawfolds, zaidi ya mia moja. Mwenye kiwanda, William Cartwright, alikuwa akilala mlemle ndani pamoja na askari watano na wafanyakazi wake wachache. Nyundo zilipiga mlango ulioimarishwa kwa misumari, mlango ukakataa. Risasi zikamiminika kutoka madirishani. Baada ya dakika 20 hivi washambuliaji walirudi nyuma, wakiwaacha majeruhi wawili, Samuel Hartley na John Booth. Wote wawili walikufa. Askari mmoja aliyekataa kuwafyatulia risasi watu wale alihukumiwa viboko 300 mbele ya kiwanda, na Cartwright mwenyewe ndiye aliyeomba adhabu isimalizwe.

Tarehe 28 Aprili mwenye kiwanda mwingine, William Horsfall wa Marsden, alipigwa risasi njiani huko Crosland Moor, akafa siku ya pili yake au ya tatu. Mmoja wa wavunjaji, Benjamin Walker, aliwageuka wenzake na kutoa ushahidi. Januari 1813, mjini York, Mellor na wenzake wawili walinyongwa kwa mauaji hayo. Siku chache baadaye wakanyongwa wengine 14, wakiwemo watano wa Rawfolds.

Wakati huo Patrick Brontë, baba yake Charlotte, alikuwa kasisi wa Hartshead, jirani kabisa na njia za wavunjaji. Charlotte alizaliwa mwaka 1816, na habari hizo alizisikia tena alipokuwa mwanafunzi Roe Head kuanzia 1831, kwa mwalimu wake Margaret Wooler. Alipoanza kuandika alipekua magazeti ya zamani ya Leeds Mercury. Kabla hajamaliza, kati ya Septemba 1848 na Mei 1849, alimzika mdogo wake wa kiume Branwell na wadogo zake wa kike Emily na Anne. Kazi iliyoandikwa katika msiba kama huo inastahili heshima, na shambulio la kiwanda amelisimulia kwa nguvu.

Hata hivyo alisimulia kutoka upande wa wenye mali. Cartwright akawa Robert Moore, na kasisi Hammond Roberson, aliyewaunga mkono wenye viwanda, akawa Helstone. Moore anapigwa risasi kama Horsfall, ila anapona, na anayempiga ni mfumaji aliyerukwa na akili. Fundi mwenye akili timamu na madai ya haki yumo kitabuni, lakini ni mhusika wa pembeni tu.

Madai hayo hesabu inayathibitisha. Katika maombi waliyopeleka Bungeni, wanyoaji walieleza kwamba kati ya 1806 na 1817 mashine za kusimamisha manyoya katika Yorkshire zilitoka 5 zikafika 72, na mikasi ya mashine ikatoka 100 ikafika 1,462. Kati ya wanyoaji 3,378, waliokosa kazi kabisa walikuwa 1,170, na 1,445 walipata vibarua vya hapa na pale. Waliosema mashine zitawaondolea riziki walisema kweli. Anayeisoma Shirley leo na aisome akiwa na hesabu hiyo mkononi.