Uhandisi: usiulize chuo tu, uliza kozi

Matokeo ya KCSE yakitoka, swali la barazani huwa moja: mtoto kaitwa chuo gani? Kwa anayetaka uhandisi, swali hilo halitoshi. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, usajili uko mikononi mwa Bodi ya Wahandisi wa Kenya (EBK), nayo hutambua kozi, si jina la chuo. Chuo kimoja chaweza kuwa na digrii ya ujenzi inayotambuliwa, na ya umeme isiyotambuliwa.

Hapo ndipo wazazi wetu huumia. Shamba limeuzwa, kijana kasoma miaka 5, digrii anayo mkononi, lakini bodi haimsajili kuwa mhandisi mhitimu. Bila hatua hiyo hafiki kwenye uhandisi wa kitaalamu, unaodai angalau miaka 3 ya uzoefu kazini. Na matangazo mengi ya kazi za uhandisi katika mashirika ya umma hutaka usajili huo. Mwajiri hatauliza majengo ya chuo yalikuwa mazuri kiasi gani.

Wa diploma wana mlango wao, KETRB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kusajili mafundi sanifu na wanateknolojia. Mwenye alama za wastani asiuone kuwa mlango wa uani.

Orodha ya kozi zinazotambuliwa iko kwenye tovuti ya EBK. Isomeni pamoja na mtoto kabla hajajaza chaguo zake KUCCPS. Chuo kikisema utambuzi "uko njiani", muombeni barua ya bodi.