Nani Aandike Taarifa ya Kwanza: Kumbukumbu za Nguvu za Polisi Nchini Kenya

Historia ya kumbukumbu za matumizi ya nguvu ya dola nchini Kenya ni, kwa sehemu kubwa, historia ya swali la nani aandike taarifa ya kwanza, kwa kuwa uchunguzi wowote unaofuata, uwe wa mahakama au wa tume, ama hujenga hoja yake juu ya taarifa hiyo ama hulazimika kwanza kuibomoa.

Hatari ya kumwachia aliyetumia nguvu taarifa hiyo ilidhihirika Hola, karibu na Mto Tana, tarehe 3 Machi 1959, askari wa gereza, wala si polisi, walipowapiga kwa virungu watu waliozuiliwa kwa tuhuma za kuwa katika vuguvugu la Mau Mau, wakafa 11. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji, na ni inkwesti, yaani kikao cha hakimu cha kutafuta chanzo cha kifo, iliyothibitisha kuwa waliuawa kwa kipigo. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.

Baada ya uhuru, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, ambacho wananchi hukiita OB, kiliendelea kuwa mikononi mwa polisi peke yao, hivi kwamba aliyepigwa na askari alilazimika kumshtaki mbele ya askari wenzake. Udhalimu wa mpango huo ulionekana kwa kiwango cha kutisha baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi, idadi ambayo haikuweza kuelezwa kwa ghasia za raia pekee.

Tume hiyo ilipendekeza chombo huru cha kuwachunguza polisi, na baada ya Katiba ya 2010, Bunge lilipitisha mwaka 2011 sheria iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, maarufu kama IPOA. Kiini cha mageuzi, hata hivyo, kimo katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka huohuo, linalomtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na akitumia nguvu amweleze mkubwa wake mara moja sababu zake. Kifo au jeraha baya likitokea, mkubwa huyo anawajibika kuiarifu IPOA bila kuchelewa. Hapo ndipo taarifa ya kwanza ilipopata msomaji wa nje ya kituo.

Lakini msomaji huyo bado humtegemea mwandishi. Mkubwa wa kituo akinyamaza, IPOA huanza kazi kwa malalamiko ya jamaa au habari za magazeti, wakati ushahidi umekwisha kuvurugwa, na hata ikifaulu kuukusanya, uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Jedwali hilohilo linamtaka kila askari aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake; lakini katika maandamano ya Juni 2024, askari waliovalia kiraia na kufunika nyuso walionekana mitaani Nairobi, na asiyejulikana hawezi kuandikwa katika daftari lolote.