Uchunguzi wa kisayansi shuleni

Uchunguzi wa kisayansi shuleni ni kazi ambayo wanafunzi hutafuta jibu la swali kuhusu maumbile kwa kupima na kulinganisha, badala ya kutegemea maelezo ya kitabu peke yake. Istilahi na stadi zake zinaelezwa hapa kwa mfano wa mmomonyoko wa udongo huko Matombo, mkoani Morogoro, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru nchini Tanzania.

Chimbuko la swali

Matombo ni eneo la miteremko mikali na mvua nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa nzito, na wakulima walilalamika kwamba uchimbaji ulileta juu udongo wa chini usio na rutuba. Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, mtu mmoja akauawa, na mpango huo ukaachwa.

Mzozo huo ulikuwa na sababu za kisiasa pia, lakini ndani yake mna maswali mawili yanayoweza kupimwa: je, matuta hupunguza udongo unaochukuliwa na maji? Je, mavuno yanaongezeka au yanapungua?

Istilahi muhimu

Dhanio (pia nadharia tete): jibu la awali linaloweza kuthibitika kuwa si kweli, kwa mfano, "udongo uliofunikwa kwa nyasi kavu huchukuliwa na maji kidogo kuliko udongo mtupu".
Kigeu huru: kitu ambacho mchunguzi anakibadilisha kwa makusudi, yaani namna ya kutunza udongo.
Kigeu tegemezi: kitu kinachopimwa, yaani uzito wa udongo uliochukuliwa na maji.
Vigeu vinavyodhibitiwa: mambo yanayoachwa sawa, kama vile mwinamo, aina ya udongo na kiasi cha maji.
Kilinganishi: sehemu isiyofanyiwa kitu, ambayo nyingine hulinganishwa nayo, hapa ni udongo mtupu.

Stadi

Kupanga na kutenda. Masanduku matatu yaliyo sawa hujazwa udongo wa shamba moja na kuinamishwa kwa pembe ileile. La kwanza huachwa tupu, la pili hufunikwa kwa nyasi kavu, la tatu huchongwa vituta vya ngazi. Kila sanduku humwagiwa lita moja ya maji kwa kopo lenye matundu madogo, kutoka kimo kilekile. Maji yanayotiririka hukingwa, udongo wake hukaushwa na kupimwa.

Kurudia. Kipimo kimoja hakitoshi. Ikiwa sanduku moja limetoa gramu 40, 44 na 42, wastani ni gramu 42. Kama kipimo kimoja kingekuwa gramu 80, mchunguzi angetafuta sababu yake kabla ya kukitumia. Hapaswi kukifuta kwa kuwa tu hakikumpendeza.

Kuwasilisha. Data huandikwa katika jedwali pamoja na vizio vyake. Kwa kuwa kigeu huru hapa ni aina na si namba, grafu ya mihimili hufaa kuliko ya mstari.

Kuhitimisha. Hitimisho halivuki kile kilichopimwa. Jaribio hili linajibu swali la udongo tu. Swali la mavuno linahitaji kupanda mazao na kusubiri msimu mzima. Tena sanduku si mlima: mvua ya masika na miteremko mirefu inaweza kutoa matokeo tofauti.

Mfano wa Erasto Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliokuwa umepoa. Hakuaminiwa, lakini aliendelea kujaribu. Baadaye alimwuliza mwanafizikia Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1969 walichapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanajadili jambo hilo, kwa sababu matokeo yake hutegemea vigeu vingi vilivyo vigumu kudhibitiwa, kama vile umbo la chombo, uvukizi na mahali kipimajoto kinapowekwa.