Upepo wa Pwani na Funza wa Pamba

Sisi tunaoishi Kigamboni hatuupuuzi upepo. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mawimbi, wavuvi huvuta mitumbwi ufukweni, na abiria wa pantoni huulizana iwapo kivuko kitavuka. Kwetu taarifa ya hewa ni uamuzi wa siku. Mkulima wa pamba wa Simiyu au Shinyanga angeweza kuambiwa zaidi kwa taarifa hiyo hiyo: lini ategemee funza wa vitumba, na lini kupuliza dawa ni kumwaga fedha ardhini. Kwa nini elimu ya namna hiyo imechelewa kumfikia?

Jibu la kwanza limo katika historia ya zao lenyewe, na linaanzia hapa hapa Uzaramo. Mwaka 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam na pwani ya kusini. Majumbe walisimamia, wanakijiji wakalima kwa shuruti, na ujira ulikuwa mdogo mno. Kalenda ya kazi ilitoka ofisini. Aliyezijua mvua na wadudu wa mahali pale hakuulizwa. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Jibu la pili linatoka kwa mdudu mwingine. Viwavijeshi hawali pamba. Hula nafaka na nyasi za malisho. Lakini ndio waliotufundisha kutabiri. Watafiti wa Muguga, Kenya, waliokuwa wakizihudumia nchi zote tatu za Afrika Mashariki, waligundua kwamba nondo wake husafirishwa na upepo. Kiangazi wachache husalia maeneo yenye unyevunyevu, ikiwamo pwani; msimu ukigeuka, pepo zitokazo baharini huwapeleka bara, na dhoruba za mvua huwakusanya mahali pamoja. Hapo hutaga, na siku chache baadaye shamba huliwa. Hivyo mwishoni mwa miaka ya 1960 vituo vyenye mitego ya taa vilianza kupeleka hesabu ya nondo Muguga, zikalinganishwa na habari za mvua na upepo, na tahadhari ikatolewa kila wiki.

Angalia siasa iliyomo. Nondo aliyeruka kutoka Tanzania huweza kuzaa kizazi kitakachoharibu mahindi ya Kenya, kisha Ethiopia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wadudu hawakuomba pasi za kusafiria. Kazi ya utabiri ilibidi itafutiwe makao mapya: katika shirika la kikanda la kudhibiti nzige na, kwa upande wetu, katika kituo cha Tengeru, Arusha.

Hata hivyo, tahadhari iliyoandikwa Arusha ilikuwa na safari ndefu hadi kijijini, na kiwavi hamsubiri tarishi. Ndiyo maana jaribio la Kilosa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lina uzito kwangu. Kijiji kilipewa mtego wenye harufu ya nondo jike na kipima mvua. Wanakijiji waliofundishwa walihesabu nondo, wakasoma mvua, wakatoa utabiri wao wenyewe.

Funza wa vitumba si kiwavijeshi. Ana mimea mingi anayoila, na hesabu yake ni ngumu zaidi. Lakini joto huharakisha ukuaji wake, na mitego humnasa nondo wake pia. Kumtaka mkulima apulize dawa kwa kufuata kalenda ya ofisini, bila kukagua shamba wala kuitazama hewa, ni kuirudia, kwa upole zaidi, dhana ya 1902: kwamba shamba lake linajulikana zaidi na asiyelilima.

Teknolojia ya leo ni bora kuliko ya Muguga. Kinachonitia shaka ni kama tutampa mkulima kipimo mkononi, au tutamletea tena amri.