Mjusi hutembea darini, kinyonga hukwama barabarani: siri iko mikononi

Taa ikiwashwa jioni, mjusi wa nyumbani, ambaye wengine humwita mjusi kafiri, hutoka nyuma ya fremu ya dirisha na kupanda ukutani. Punde yuko darini, mgongo chini, akiwavizia mbu na kumbikumbi. Nje, kwenye ua wa michongoma, kinyonga amejishikilia kwenye kijiti chembamba na upepo unamyumbisha bila kumwangusha. Mtoe hapo umweke barabarani, atahangaika kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Mikono ya wanyama hawa wawili ina asili moja, na inafanana na wetu kuliko tunavyodhani. Kuna mfupa mmoja kutoka begani hadi kwenye kiwiko, mifupa miwili kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, kisha vidole vitano. Kinachowatofautisha ni jinsi vidole hivyo vilivyopangwa na kilicho chini yake.

Tuanze na mjusi wa ukutani. Akipita kwenye kioo cha dirisha, msogelee umtazame kwa upande wa pili. Chini ya kila kidole utaona mistari iliyopangana kama vigae vya paa. Usichoweza kuona kwa macho ni kwamba mistari hiyo imejaa nywele ndogo mno. Mjusi aliyechunguzwa sana na wanasayansi ni yule mkubwa wa Asia ya Kusini-Mashariki aitwaye tokay. Katika eneo la milimita moja ya mraba ya kidole chake kuna nywele takriban 14,000, na kila unywele umegawanyika mwishoni kuwa mamia ya ncha bapa.

Kwa muda mrefu watu walibishana. Je, ni gundi? Au ananyonya ukuta kama ruba? Mwaka 2002 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kellar Autumn walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba ncha hizo hukaribia ukuta kiasi kwamba chembe za mguu na chembe za ukuta huvutana zenyewe. Nguvu hiyo huitwa nguvu ya van der Waals, kwa jina la mwanafizikia wa Uholanzi. Kwa ncha moja ni nguvu ndogo isiyo na maana, lakini kwa mamilioni ya ncha inatosha kumshikilia mjusi mzima na zaidi. Haihitaji hata juhudi yake. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kuwa miguu ya mjusi aliyetoka kufa bado hushika.

Basi anajibanduaje? Hapa ndipo kidole chenyewe kinapofanya kazi. Mjusi huweza kukunja vidole kuelekea juu, kinyume na tunavyokunja sisi, kuanzia ncha. Nywele zikiinuka kwa pembe fulani, huachia mara moja, kama unavyobandua plasta kidondani kuanzia pembeni badala ya kuivuta yote kwa pamoja. Hufanya hivyo kwa kila hatua, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuatilia. Vumbi nalo halimsumbui sana, kwani akitembea hatua chache kwenye sehemu safi miguu hujisafisha. Maji ndiyo tatizo. Vidole vikiloa kabisa na ukuta ukiwa umelowa, huteleza. Pia hushindwa kwenye vikaango vile visivyoshika chakula, vikiwa vikavu.

Wapo mijusi wadogo wa jamii hiyo, wanaoonekana sana mchana kwenye mashina ya miti Afrika Mashariki, ambao wana nywele za kunata hata chini ya ncha ya mkia. Ni kama wana mguu wa tano. Mmoja wao, ambaye dume lake lina rangi ya buluu iliyokolea, anaishi mkoani Morogoro tu, katika msitu wa Kimboza na maeneo machache ya jirani, juu ya miti ya jamii ya mkadi. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga walimpenda kwa rangi yake, na wakamataji wakawa wanakata mikadi ili kumfikia. Aliyepona mikononi mwao alibaki bila mti. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kumweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya mijusi hao waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Mijusi wa mawe, kama wale wenye vichwa vya waridi wa Mwanza na Serengeti, hawana nywele hizo. Wanategemea kucha na vidole virefu. Jiwe lenye mikwaruzo wanalipanda mbio, ila kioo hawakiwezi.

Kinyonga yeye ameacha kunata na akachagua kushika. Vidole vyake vitano vimefungwa na ngozi kuwa mafungu mawili yanayotazamana, mfano wa koleo. Mguu wa mbele una vitatu upande wa ndani na viwili upande wa nje. Mguu wa nyuma ni kinyume chake. Kwa mpangilio huo anabana kijiti pande zote mbili. Miguu yake iko chini ya mwili badala ya kutanuka pembeni kama ya mijusi wengine, na mfupa wa bega husogea mbele na nyuma ili hatua irefuke. Mkia nao hujiviringisha kwenye tawi.

Koleo bila kitu cha kubana halina kazi. Ardhini kinyonga hupiga hatua kwa shida, na hawezi kukimbia gari wala pikipiki. Wengi huonekana barabarani vichaka vinapofyekwa na matawi hayagusani tena. Mwingine ni jike anayetafuta udongo laini wa kutagia, kwa kuwa kinyonga wa kawaida wa mashambani huchimba shimo na kufukia mayai yake humo.

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kinyonga ana sumu. Hana. Ukimkuta barabarani, usimvute kwa mkia wala kwa mwili, maana akiwa ameshika kitu kucha zinaweza kung'oka. Weka kijiti mbele ya kifua chake kikiwa kimeinama kidogo, naye atapanda mwenyewe. Mpeleke upande aliokuwa akielekea, uegemeze kijiti kwenye kichaka, umwache ahame kwa wakati wake. Ukimkuta anachimba, mwache hapo hapo. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa.