Kabla Hujanunua Kicheza Muziki

Watu wakishajua kwamba naandika habari za muziki, swali huwa moja: ninunue kifaa gani cha nyumbani, kitakachopiga nyimbo nilizohifadhi na pia hizi za kutiririsha mtandaoni? Wengi hutegemea nianze na bei. Mimi huanza na historia ya kisanduku kimoja cha Marekani.

Mwaka 2001, kampuni ndogo ya California iitwayo Slim Devices, iliyoanzishwa na Sean Adams, ilitoa kifaa kilichoitwa SLIMP3. Hakikuwa na diski wala spika. Kilikuwa na kioo kidogo cha maandishi, tundu la waya wa mtandao, na matundu ya kupeleka sauti kwenye amplifaya. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta, hata chumba kingine, na programu ya seva ndiyo iliyozipeleka.

Hesabu za wakati ule ndizo za leo. Dakika moja ya muziki wa CD hula takriban megabaiti 10. MP3 inaweza kuibana ikafika megabaiti 1 hivi, ila inatupa sehemu ya sauti. Mwaka huohuo wa 2001 ikatoka FLAC, inayobana bila kutupa kitu. Faili hubaki kama nusu ya ukubwa wa awali.

Mwaka 2003 ikaja Squeezebox, yenye waifai. Mwaka 2006 Logitech ikainunua kampuni. Wakati huo kulikuwa pia na huduma ya mtandaoni, kwa hiyo uliweza kusikiliza redio za intaneti hata kompyuta yako ikiwa imezimwa. Mambo yakanoga. Halafu mwaka 2012 Logitech ikaacha kutengeneza vifaa hivyo, na mwaka 2024 ikaizima huduma yenyewe.

Kwa kawaida hapo kifaa hugeuka pambo la kabati. Hiki hakikufa. Seva yake ilikuwa programu huria tangu mwanzo, yaani yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuirekebisha. Watumiaji wakaendelea kuitunza, na leo inaitwa Lyrion Music Server. Hata kisanduku kikiharibika, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka uleule wa 2012, inaweza kushika nafasi yake.

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa huku? Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Aliyenunua santuri zake hakuhitaji ruhusa ya mtu kuzipiga tena baada ya miaka kumi. Alihitaji gramafoni nzima na sindano. Kaseti nazo zilikuwa hivyo hivyo. Spotify ilipofika Kenya na Tanzania mwaka 2021 ilituletea mamilioni ya nyimbo, na mimi naifurahia. Lakini kule tunapanga tu. Na kaseti ya harusi ya shangazi, kikundi cha taarabu cha mtaani kikipiga, haimo kule. Ukiihamishia kwenye faili, ni wewe wa kuitunza.

Ndiyo maana naomba ujaribu kifaa kabla ya kulipa. Mwambie muuzaji azime intaneti. Je, bado kinapiga faili zilizo kwenye diski ya nje au kompyuta ya nyumbani? Kinasoma FLAC na MP3 zote? Kina tundu la kuunganisha amplifaya uliyonayo tayari? Na kinafunguka bila kujisajili kwenye akaunti ya kampuni? Kikishindwa swali la kwanza, mengine usijisumbue kuuliza: siku bando likiisha, au kampuni ikichoka, kitanyamaza.

Halafu nunua diski mbili. Moja iwe ya kusikiliza. Ya pili iwe nakala, na ikae nyumba nyingine, kwa dada au kwa rafiki unayemwamini.