Mboni Nyeupe na Damu ya Ukoo

Zipo kasoro za macho ambazo watu walizijua kuwa ni za ukoo tangu zamani. Mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani huishi umri wake wote, huoa na kuzaa, na wajukuu huonekana wakimfuata. Mwaka 1876 daktari Horner wa Uswisi alipoeleza jinsi hali hiyo inavyotoka kwa babu, ikapitia kwa binti asiye na dalili, hadi kwa mjukuu wa kiume, palikuwa na koo nzima za kuulizwa habari. Saratani ya retina haikutoa nafasi hiyo. Ilificha asili yake kwa njia ya kikatili: ilimwua mwenye nayo kabla hajazaa.

Ugonjwa huu ni wa watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka 5. Mzazi huona mboni imekuwa nyeupe, inang'aa kama jicho la paka gizani. Mara nyingi mwanzoni mtoto halalamiki maumivu yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo. James Wardrop, daktari mpasuaji wa Uskoti, alishauri mwaka 1809 kwamba jicho liondolewe mapema. Lakini nani angethubutu, wakati nusukaputi haijapatikana? Klorofomu ilianza kutumiwa mwaka 1847, na chombo cha Helmholtz cha kutazamia ndani ya jicho kikaja mwaka 1851. Tangu hapo baadhi ya watoto wakaanza kupona, nao wakakua.

Mmoja wao alikuwa mvulana wa Brazili, aliyeondolewa jicho na daktari Hilário de Gouvêa mwaka 1872. Alipona, akawa mtu mzima, akaoa mke asiye na maradhi hayo. Binti zake wawili wakapatwa na ugonjwa ule ule, na mwaka 1886 daktari akaitangaza habari hiyo. Kila ninapoisoma humfikiria baba yule: kwa jicho lake moja lililobaki aliona katika mboni za wanawe kile walichokiona wazazi wake kwake.

Lakini mbona watoto wengi wenye ugonjwa huu huzaliwa na wazazi wazima kabisa? Jibu lilitolewa mwaka 1971 na Alfred Knudson, aliyekuwa Houston, Marekani, baada ya kuchunguza habari za wagonjwa 48. Fikiri, ndugu msomaji, mlango wenye makomeo mawili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Ugonjwa huingia yote mawili yakivunjika. Mtoto aliyerithi huzaliwa komeo moja limekwisha vunjika katika kila seli ya mwili wake. Asiyerithi huvunjikiwa yote mawili baadaye, katika seli moja tu ya jicho. Takriban wagonjwa 4 kati ya 10 wana aina ya kurithika, na wengi wa hao kasoro imeanzia kwao wenyewe.

Nimekaa katika vikao vya ukoo vya kutosha kujua maswali anayoulizwa mama wa mtoto kama huyu: kwao kuna nini, amemkosea nani, alipita wapi akiwa mjamzito. Baba haulizwi. Kumbe jeni hiyo, iliyopatikana mwaka 1986, yaweza kutoka kwa baba sawasawa na kwa mama, au isitoke kwa yeyote.

Sasa tuje kwenye bei. Mradi wa kusoma vinasaba vya binadamu, uliokamilika mwaka 2003, uligharimu karibu dola bilioni 3. Leo maabara kubwa husoma vinasaba vyote vya mtu mmoja kwa dola 1,000 au pungufu. Tena katika ukoo ni mgonjwa wa kwanza tu mwenye kazi kubwa. Ni kama kutafuta kosa la chapa katika kitabu kizima. Likishajulikana ukurasa wake, nakala nyingine hukaguliwa upesi, kwa gharama ndogo zaidi.

Wanaosema kipimo ni ghali hawajahesabu upande wa pili. Bila kipimo, mdogo wake mgonjwa inabidi achunguzwe macho tena na tena katika miaka yake ya mwanzo, mara nyingi kwa nusukaputi. Kila safari ni nauli ya basi, kulala mjini, shamba kuachwa. Akipimwa damu na kuonekana hana kasoro ile, safari zote hizo zinakwisha. Akionekana anayo, huangaliwa tangu wiki za kwanza, uvimbe ukiwa bado mdogo wa kuchomwa kwa leza au kugandishwa, na jicho huweza kuokolewa pamoja na uhai.

Hata hivyo, huku kwetu wapo watoto wanaofikishwa hospitali jicho limekwisha toka nje, na kwao karatasi ya maabara haisaidii sana. Ndiyo maana mimi ningeanza na muuguzi wa kliniki ya watoto kijijini, afundishwe kuitambua mboni nyeupe siku mtoto anapoletwa kupimwa uzito. Huyo ndiye atakayempata mgonjwa wa kwanza wa ukoo mapema, na pasipo damu ya mgonjwa wa kwanza maabara haijui itafute ukurasa gani kwa wadogo zake.